Masharti ya kazi yanayobagua: namna ya kulisoma tangazo la ajira ukiwa Zanzibar, na la kufanya ukishalisoma

Anayetafuta kazi Unguja au Pemba hana nafasi ya kubishana na tangazo. Analisoma kwenye simu, akikuta "awe msichana" na yeye ni mvulana, analipita. Akikuta "asivae mtandio" na yeye hatoki nje bila mtandio, analipita vilevile. Muajiri hapati habari kwamba kuna mtu mzuri kamkosa, wala afisa kazi haletewi lalamiko. Ubaguzi mwingi wa ajira kwetu huishia hapo hapo, kwenye kikundi cha WhatsApp cha nafasi za kazi, kabla ya barua ya maombi kuandikwa.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Ni wa meneja wa hoteli ndogo ya Jambiani pia, au mwenye duka la jumla Darajani, ambaye hana afisa utumishi na anaandika tangazo mwenyewe usiku baada ya kufunga hesabu. Kesi ikishafika mbali, tafuta wakili. Kabla ya hapo, haya yatakutosha kujua kama una kesi, au kama tangazo lako linaweza kukuletea kesi.

Kipimo ninachokitumia ni kimoja: sharti hili linaieleza kazi, au linamueleza mtu? "Aweze kunyanyua gunia la kilo 50" linaieleza kazi. "Awe mwanamume" linamueleza mtu. Sharti linalomueleza mtu si lazima liwe haramu, lakini muajiri ndiye mwenye deni la kueleza kwa nini kazi haifanyiki bila ya hilo.

Hatua ya kwanza: jua sheria ipi inakuhusu

Kosa la kawaida ni kubeba sheria ya Bara na kuileta Zanzibar. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kimeandikwa kwa upana: kinataja kabila, mahali mtu anapotoka, dini, maoni ya siasa, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, VVU, umri na mengine. Ukitafuta mtandaoni ndicho kinachokujia mwanzo. Lakini sheria ile ni ya Tanzania Bara. Ukiomba kazi ya Dar es Salaam, itumie. Kazi ikiwa Kiwengwa au Wete, haikusaidii, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya kule haina mamlaka ya kumwita muajiri wa huku.

Zanzibar tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 na Sheria ya Uhusiano Kazini Namba 1 ya 2005. Ya kwanza ndiyo inayokataza ubaguzi na kazi ya kulazimishwa, na ndiyo inayoweka masharti ya mikataba, likizo na vibali vya wageni. Ya pili inahusu vyama vya wafanyakazi na waajiri, na namna migogoro inavyosuluhishwa. Kazi za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar zina Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya 2011. Kazi za Serikali ya Muungano zilizopo hapa visiwani, kama Polisi na Uhamiaji, zinafuata taratibu za Muungano, kwa sababu utumishi wa Serikali ya Muungano umo katika orodha ya mambo ya Muungano. Kwa hiyo kabla ya kulalamika, tazama nani anayeajiri, si jengo liko wapi.

Juu ya hizo zote kuna Katiba. Ibara ya 12 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 na Ibara ya 13 ya Katiba ya Muungano ya 1977 zinakataza ubaguzi. Ile ya Muungano inataja utaifa, kabila, pahala mtu alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Halafu kuna Mkataba Namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1958, ambao Tanzania iliuridhia 2002. Mkataba huu unakataza ubaguzi kwa misingi saba: asili ya mbari, rangi, jinsia, dini, maoni ya siasa, asili ya taifa na asili ya kijamii. Faida yake kubwa kwetu ni kwamba unasema wazi kuwa unahusu pia kuipata kazi, si kuifanya tu. Muombaji ambaye hajaajiriwa bado yumo. Mkataba huo huo ndio unaompa muajiri mlango wake: tofauti inayotokana na mahitaji halisi ya kazi yenyewe haihesabiwi kuwa ubaguzi.

Hatua ya pili: livunje tangazo sharti kwa sharti

Usilihukumu tangazo kwa jumla. Andika kila sharti kwenye mstari wake, kisha jiulize ni kipande gani cha kazi kitakachoshindikana sharti hilo likiondolewa, na nani anaachwa nje likibakia. Hili hapa nimelitunga, ingawa anayefuatilia nafasi za kazi za hoteli ameshaviona vipande vyake mahali:

"Anahitajika mhudumu wa mapokezi, hoteli ya ufukweni. Awe msichana, umri 20 hadi 28, hajaolewa, mwenye mvuto. Asivae mtandio kazini. Ajue Kiingereza na Kitaliano. Awe na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Awe amemaliza Kidato cha Nne. Awe na afya njema, asiwe na kasoro ya mwili. Tuma picha nzima."

Tuanze na "awe msichana". Mapokezi ni kumpokea mgeni, kumuandikisha, kupokea malipo, kujibu simu na kutuliza hasira za aliyekuta chumba hakina maji. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji jinsia. Sharti limeanguka.

Lakini usichukulie kwamba kila tangazo linalotaja jinsia ni baya. Mkaguzi wa kuwapekua abiria wanawake bandarini lazima awe mwanamke. Anayeosha maiti ya mwanamke vivyo hivyo, na hapa kwetu hakuna atakayebisha. Mhudumu wa chumba cha kubadilishia nguo cha wanawake ndiyo hivyo pia. Hapo ni staha ya anayehudumiwa inayodai jinsia fulani, na staha hiyo ni sehemu ya kazi. Muajiri akisema "wateja wangu wanapenda wasichana", hiyo si staha, ni ladha ya mteja.

"Hajaolewa" ni ubaguzi wa jinsia uliovaa nguo nyengine. Jiulize kama muajiri huyo amewahi kumwandikia mwanamume "awe hajaoa". Mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Tanzania iliuridhia 1985, unataka wanawake na wanaume wachaguliwe kwa vigezo vilevile. Swali la mimba kwenye usaili linaingia humo humo, na kipimo cha mkojo ndiyo kabisa. Mwanamke ana haki ya kujibu kwamba suala hilo halihusiani na kazi aliyoiomba.

"Mwenye mvuto" na "tuma picha nzima" huenda pamoja. Ukiulizwa picha ndogo ya kubandikwa kwenye faili, hilo ni jambo la kawaida hata serikalini. Picha ya mwili mzima kwa kazi ya mapokezi inampa muajiri nafasi ya kuchagua rangi, umbo, mavazi na ulemavu bila kuandika hata neno. Kwa muombaji wa kike mimi naichukulia kuwa dalili ya jambo baya zaidi. Ukishaombwa picha ya pili "ukiwa umependeza", au kuitwa usaili hotelini saa tatu za usiku, hapo tena si habari ya ubaguzi. Rushwa ya ngono hupelekwa Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Kuhujumu Uchumi, ZAECA, na Polisi, na usisubiri uajiriwe kwanza.

Umri ni mgumu zaidi. Haumo katika ile misingi saba ya Mkataba 111, wala haukutajwa kwa jina katika Ibara ya 13, tofauti na kifungu cha 7 cha Bara. Ushauri wangu ni usiutangulize umri kwenye lalamiko lako. Uweke nyuma ya jinsia: "msichana, 20 hadi 28, hajaolewa, mwenye mvuto" ni sentensi moja, na ikisomwa pamoja inaonesha muajiri anatafuta nini.

Mtandio, baa na Sala ya Ijumaa

Hapa ndipo penye malalamiko mengi na maelezo machache, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hoteli ina haki ya kuweka sare. Haina haki ya kuweka sare ambayo Muislamu hawezi kuivaa na huku haina sababu inayotokana na kazi. Ukimuuliza meneja kwa nini hataki mtandio, kwa kawaida utapata moja ya majibu haya: mwonekano wa hoteli, usafi, au usalama. Usafi haumsaidii, jikoni nywele hutakiwa zifunikwe, na mtandio uliochomekwa vizuri unafunika kuliko kofia ya mpishi. Usalama unaweza kumsaidia kidogo. Kwenye dobi la hoteli kuna mashine za kupiga pasi shuka zenye mitambo inayozunguka, na ushungi unaoning'inia unaweza kuvutwa. Lakini hapo sharti la haki ni "nguo yoyote isiyoning'inia", nalo litawahusu wenye tai, shanga na nywele ndefu pia. Kinachobaki ni mwonekano, na mwonekano unatatuliwa kwa fundi cherehani: mtandio wa rangi ya sare, wenye nembo ukipenda. Zipo hoteli zinazofanya hivyo na wageni wanakuja.

Baa ni suala jengine. Kazi ikiwa ni kuhudumia vileo, basi kuhudumia vileo ndiyo kazi. Muajiri aandike wazi, "kazi hii inahusisha kupeleka na kumimina vileo", na kila muombaji aamue na nafsi yake. Anayekataa kumimina pombe hawezi kudai abaguliwa kwa kukosa kazi ya kumimina pombe. Ila muajiri hana ruhusa ya kumuamulia kwa kuandika "asiwe Muislamu", wala kumnyima Muislamu kazi ya vyumba au bustani kwa kisingizio kwamba hotelini kuna baa.

Ijumaa, tazama urefu wa muda. Kumruhusu mfanyakazi wa zamu ya mchana kwenda msikitini na kurudi kunahitaji mpangilio wa zamu tu, na kwa kisiwa hiki ni ajabu kukuta muajiri asiyeujua. Sharti la "asiwe mtu wa kuomba ruhusa Ijumaa" halimtaji Muislamu, lakini nani mwengine linamlenga? Na Mkristo anayeambiwa hawezi kupata Jumapili hata moja kwa mwezi ana hoja ileile.

Upande wa pili nao tusiufumbie macho. Duka la nguo au skuli ya binafsi inayomwambia Mkristo "hapa tunachukua Waislamu tu" inabagua sawasawa na hoteli ya mtandio. Mwalimu wa Qur'ani lazima awe Muislamu, hilo halina mjadala. Mwalimu wa hisabati wa skuli hiyo hiyo? Mimi nasema hapana, mradi aheshimu mavazi na nidhamu ya skuli. Najua wapo watakaonipinga, na wenye skuli wakieleza vizuri kazi ya malezi wanayompa mwalimu huyo wanaweza kuwa na hoja. Lakini waieleze kwa maandishi, kabla ya usaili.

Mzanzibari, mtu wa Bara, Mpemba

Tangazo lolote la kazi za Serikali ya Mapinduzi huanza na "awe Mzanzibari", na watu wa Bara huuliza kama huo si ubaguzi. Uzanzibari una sheria yake tangu 1985, na Serikali ya Zanzibar hulitumia sharti hilo kwa utumishi wake wenyewe. Katiba ya Muungano nayo inaiachia Serikali nafasi ya kuchukua hatua za makusudi za kurekebisha matatizo katika jamii. Kwa kazi za serikali, basi, usipoteze muda na sharti hilo.

Sekta binafsi ni tofauti. Raia wa kigeni, awe Mkenya au Muitaliano, anahitaji kibali cha kazi kinachotolewa na Kamishna wa Kazi, na kumtanguliza Mtanzania mbele yake si ubaguzi. Lakini Mtanzania wa Bara si mgeni. Muajiri wa binafsi anayeandika "watu wa Bara wasiombe" anamkataa mtu kwa pahala alipotoka, na hilo limetajwa katika Katiba kwa jina lake. Anayesema kimyakimya "Wazanzibari wavivu, niletee wa Bara" amefanya jambo lilelile kwa upande wa pili. Malalamiko haya ya pili nimeyasikia mara nyingi zaidi katika fukwe za kaskazini na mashariki, na kwa bahati mbaya ndiyo yasiyoandikwa.

Kuna la Mpemba na Muunguja, ambalo watu hulifanyia mzaha hata lisionekane. "Tunataka wenyeji wa Unguja" ni pahala mtu alipotoka. "Awe anaishi umbali wa kufika kazini saa kumi na mbili asubuhi" ni kazi. Mpemba aliyepanga chumba Amaani anaweza kulitimiza la pili. Hoteli iliyokubaliana na kijiji jirani kuajiri vijana wa kijiji, kwa sababu ufukwe na maji ni yao, ina jambo la kujibu lakini ina sababu ya kujibia. Iandike nafasi ngapi na kwa muda gani.

Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kwenye lile tangazo letu kinaangukia hapa. Muajiri anahitaji kumjua mtu anayemuajiri, na kitambulisho chochote halali cha serikali kinatosha kwa hilo.

Siasa, sheha na kujuana

Maoni ya kisiasa yamo katika Katiba na yamo katika Mkataba 111, kwa hiyo hakuna tangazo litakalokuandikia chama. Sharti la namna hii hupita kwa barua. Unaambiwa ulete barua ya utambulisho ya sheha, yaani mkuu wa shehia yako, na sheha anakuzungusha. Barua ya kuthibitisha unakaa wapi ni sharti la kawaida. Kuinyima kwa sababu ya chama chako si la kawaida. Fanya hivi: nenda na shahidi mtu mzima wa shehia hiyo hiyo, omba barua kwa maandishi, andika tarehe na jibu ulilopewa. Ukikataliwa, peleka nakala kwa Mkuu wa Wilaya na umwambie muajiri kwa maandishi kwamba barua imeombwa tarehe fulani. Muajiri mwenye busara atakubali uthibitisho mwengine wa makaazi.

Kujuana, jamani, ndiko kunakouma zaidi kuliko yote, na ndiko ambako sheria ya ubaguzi ina makali madogo. Meneja kumpa kazi mtoto wa shangazi yake si haki, lakini undugu peke yake haumo katika ile misingi. Serikalini ni kuvunja taratibu za utumishi, na hulalamikiwa kwa njia hiyo. Binafsi, lalamiko hupata nguvu pale "jamaa" wote wanapokuwa wa kijiji kimoja, dini moja au kisiwa kimoja, na wengine wenye sifa wakakataliwa mmoja baada ya mwengine. Hapo umeshatoka kwenye undugu umeingia kwenye pahala pa asili.

Vyeti, lugha na afya: masharti yasiyomtaja mtu

Yapo masharti yanayosomeka kama ya haki kwa kila mtu lakini yakawaacha nje watu wa aina moja. Kesi inayotajwa zaidi duniani kwa jambo hili ni ya Marekani, Griggs dhidi ya Duke Power, iliyoamuliwa na Mahkama ya Juu ya nchi hiyo 1971. Kampuni ya umeme ya North Carolina ilidai cheti cha sekondari na kufaulu mitihani kwa ajili ya kazi ambazo watu wasio na cheti walikuwa wakizifanya vizuri. Wafanyakazi weusi, waliosomeshwa katika skuli duni zilizotengwa, ndio walioangukia nje. Mahkama ilisema sharti lazima lihusiane na kazi, hata kama muajiri hakuwa na nia mbaya. Hukumu hiyo haiwafungi majaji wa Zanzibar, lakini hoja yake unaweza kuitumia popote.

Kidato cha Nne kwa mapokezi kina mantiki, kwa sababu ya kuandika na kuhesabu. Kwa mfagia ufukwe na mkata nyasi hakina, na kitawaacha nje kina mama wa Jambiani na Paje ambao walitolewa skuli mapema. Lugha ni hivyo hivyo. Kiingereza mapokezini ni kazi. Kitaliano ni kazi kama wageni wengi wa hoteli ni Waitaliano, na hoteli za namna hiyo zipo Kiwengwa. Kwa mlinzi wa geti la nyuma, Kitaliano ni njia ya kuchagua mtu uliyekwisha kumchagua.

"Asiwe na kasoro ya mwili" liondoe bila kulijadili. Zanzibar ina sheria yake ya watu wenye ulemavu, ya kwanza ya 2006 na mpya ya 2022, na Tanzania imeuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tangu 2009. Mkataba huo unahesabu kumnyima mtu marekebisho yanayowezekana kuwa ni ubaguzi. Chukua mhasibu anayetumia kiti cha magurudumu na afisi iliyo ghorofa ya pili ya nyumba ya Mji Mkongwe, yenye ngazi za mbao zilizosimama wima. Kubomoa ngazi au kuweka lifti ni shida, nyumba ziko katika eneo la Urithi wa Dunia na kila badiliko linahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe. Lakini meza moja, kompyuta na kabati la faili vinaweza kuteremshwa chini kwa nusu siku. Marekebisho ndiyo hayo. Kiziwi anaweza kufanya kazi dobini, jikoni na kwenye hesabu, ukiweka taa ya kumuashiria badala ya kengele.

Kipimo cha afya kwa anayegusa chakula ni halali, kwa sababu kuna maradhi yanayoambukiza kwa chakula. Kipimo cha VVU kama sharti la kuajiriwa hakina msingi huo. Pendekezo Namba 200 la Shirika la Kazi Duniani, la 2010, linasema asilazimishwe mtu kupima wala kutaja hali yake ili apate kazi.

Kwa muajiri: liandike upya hivi

"Anahitajika mhudumu wa mapokezi. Kazi: kupokea na kuandikisha wageni, kupokea malipo kwa fedha na kadi, kujibu simu na barua pepe. Zamu za mchana na usiku, siku sita kwa wiki. Muombaji aweze kuzungumza na kuandika Kiingereza. Kitaliano ni nyongeza. Awe na elimu ya Kidato cha Nne au uzoefu wa kazi ya mapokezi. Sare inatolewa na hoteli, pamoja na mtandio kwa anayeuvaa. Mwenye ulemavu anayehitaji marekebisho atueleze kabla ya usaili. Leta kitambulisho halali siku ya usaili."

Tangazo limekuwa refu kidogo, na utapata waombaji wachache waliokuja kwa bahati. Kisha andaa maswali ya usaili na alama zake kabla hujamuona mtu, uwaulize wote yaleyale, na karatasi za alama zihifadhi. Siku ukiitwa kujieleza, karatasi hizo ndizo zitakazosema.

Hatua ya mwisho: umebaguliwa, sasa fanya nini

Omba kazi hiyo hata kama tangazo limekukataa. Asiyeomba ni msomaji tu wa tangazo. Aliyeomba na kukataliwa ni muombaji. Piga picha ya skrini ya tangazo likionesha tarehe na nambari ya aliyelituma, kwa sababu matangazo ya WhatsApp hufutwa. Ukikataliwa kwa simu, andika ujumbe papo hapo: "Nimefahamu kwamba nimekataliwa kwa sababu navaa mtandio. Tafadhali nithibitishie." Wengi hujibu bila kufikiri. Jaribu pia kujua aliyepewa nafasi ana sifa gani.

Lalamiko la sekta binafsi lipeleke Kamisheni ya Kazi. Pemba kuna afisi, huna haja ya kupanda boti. Mgogoro unaweza kupita kwenye kitengo cha usuluhishi kilichowekwa na Sheria ya Uhusiano Kazini, na usipomalizika ukaenda Mahkama ya Kazi. Nenda mapema, katika wiki hiyo hiyo ikiwezekana. Kama aliyekubagua ni taasisi ya serikali, au unaogopa kwamba mji mdogo na jina lako litazungushwa, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko bila malipo na ina afisi Zanzibar. Msaada wa kisheria utaupata Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, Jumuiya ya Wanasheria Wanawake ZAFELA, au kwa msaidizi wa sheria wa shehia yako. Wenye ulemavu waanzie kwenye jumuiya yao.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Mfano wa kiini chake:

"Niliomba kazi ya mapokezi tarehe fulani kwa tangazo ninaloliambatisha. Sharti la tano linasema asivae mtandio. Sifa nyengine zote ninazo, vyeti nimeambatisha. Tarehe fulani nilijibiwa kwa ujumbe, nao nimeuambatisha, kwamba nimekataliwa kwa sharti hilo. Naomba Kamisheni imtake muajiri aeleze sharti hili linahusiana vipi na kazi, na maombi yangu yafikiriwe upya bila ya sharti hilo."

Usitukane, usikisie nia ya mtu, usiingize na habari ya mshahara wa jirani. Peleka nakala mbili. Moja unaiacha, ya pili unagongewa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na unarudi nayo nyumbani, kwa sababu wiki tatu baadaye unaweza kuambiwa faili halionekani.